Alama za Kujiamini

Nyinyi walimu vijana mnaorithi kiti changu, kwanza kikalieni kwa adabu, maana mguu wake mmoja wa nyuma umelegea. Mkiegemea kwa maringo mtaanguka chali mbele ya mzazi. Mimi nilianguka mbele ya baba mmoja aliyekuja na suti na viatu vya kung'aa, na mtoto wake akashangilia kama ameona mtu amefunga bao. Nilimpitisha mtoto huyo, msiniulize kwa nini.

Naitwa Madam Nafula, hata sokoni wanaponiuzia omena. Kwa miaka mingi kazi yangu ilikuwa kuwapima watoto wanaotaka kuingia gredi ya kwanza katika shule moja ya kibinafsi hapa mjini Busia. Watoto wanaotaka kuingia ni wengi na madawati ni machache, kwa hiyo kila mwisho wa mwaka tunawaita kwa usaili, tunawauliza hili na lile, halafu tunachagua. Mchaguaji nilikuwa mimi pamoja na wenzangu wawili. Sasa nimestaafu, nafuga kuku kule Funyula, na kuku siwafanyii usaili. Kila anayeanguliwa anakaribishwa.

Mmeniomba niwaambie siri za kazi. Siri ya kwanza ni choo. Kabla hujamuuliza mtoto jina lake, muulize kama anataka kwenda haja ndogo. Mama yake amemnywesha uji mwingi ili apate nguvu ya kujibu, wamefika mapema, wamekaa kwenye benchi, naye ameambiwa asisumbue walimu. Nimeona watoto wenye akili timamu wakishindwa kutaja rangi ya nyasi kwa sababu mawazo yao yote yako chini ya kitovu. Mpeleke choo kwanza. Utashangaa jinsi akili inavyorudi.

Siri ya pili, mwondoe mzazi dirishani. Hili nilifundishwa na mtoto wa mwenye duka la vitambaa, kijana mdogo aliyeitwa Rashid. Wakati huo hapa mjini walikuwa wamezuka watu wa kufundisha usaili, yaani unawapelekea mtoto wako Jumamosi anafundishwa kujibu maswali yetu. Maswali waliyajua, na mpangilio wake pia waliujua: jina, miaka, mnyama, rangi, kazi ya baba. Siku hiyo, kwa uchokozi tu, nilianzia katikati. Nilimwonyesha Rashid picha ya ng'ombe nikamuuliza huyu ni nani. Akasimama wima, mikono kwenye mapaja, akapaaza sauti, "My name is Rashid!"

Nikamwonyesha karatasi nyekundu. "I am six years old!" Nikamuuliza jina lake. Akavuta pumzi, akajibu kwa furaha kwamba ni ng'ombe. Hapo baba yake, mzee mmoja mpole kabisa akiwa dukani kwake, alitokeza kichwa dirishani na kofia yake, akapiga kelele, "Madam, umeruka! Anza juu!"

Tulicheka mpaka tukafuta macho. Lakini mtoto hakuwa na kosa. Alikuwa amefungwa kwenye kamba ya mpangilio, nami nilikuwa nimeivuta kutoka upande usiofaa. Nikaweka picha pembeni nikamwomba anieleze vitambaa vya dukani kwao, na Rashid akanieleza ni kipi kinachopendwa na wateja kutoka Uganda, kipi kinachuja, na kipi baba yake anakisifu ingawa mama yake hakipendi. Aliingia bila shida. Jambo nililolifikiria baadaye ni kwamba Rashid aliulizwa mara ya pili kwa sababu baba yake alikuwa pale dirishani akipiga kelele. Wako watoto wengi ambao dirishani kwao hakuna mtu.

Aliyenifundisha kuona mambo kama hayo ni Madam Auma. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri na kwa umbo, magoti yake yalilia kila akisimama, na alikuwa amefundisha shule za serikali huku Teso, hasa Moding, kabla ya kuajiriwa kwetu. Kiteso alikiongea kama mwenyeji. Hakupenda makaratasi. Alipenda kumtazama mtoto anapoingia na anapotoka, akisema kwamba katikati ni sisi walimu tunaopiga domo.

Yeye ndiye aliyenifundisha kuangalia meno. Mwaka mmoja kuna baba alituletea mtoto hodari sana kwenye usaili, msichana aliyesoma mistari mizima bila kukwama, tena akicheka na meno mawili makubwa ya mbele yaliyoota vizuri. Shule ilipofunguliwa mwezi wa kwanza, tukampokea. Madam Auma akamtazama akiwa getini, akamwambia, "Hebu cheka kidogo, mwanangu." Mtoto akacheka. Meno yote yalikuwa ya maziwa. Baba yake alijaribu kusema kwamba watoto hubadilika wakati wa likizo. Madam Auma akamjibu, "Mzee, nimeona watoto wakinenepa likizo. Meno kurudi utotoni sijaona." Kumbe aliyefanya usaili alikuwa binamu wa mtoto huyo kutoka ng'ambo ya mpaka, mkubwa zaidi, aliyekuwa tayari anasoma huko Uganda.

Mkicheka, chekeni pia sababu yake. Mtu na akili zake timamu haazimi mtoto wa ndugu yake kama anayeazima jembe, isipokuwa ameogopa. Wazazi walituogopa sisi, watu watatu na meza moja.

Sasa niwaambie habari ya alama za kujiamini, kwa maana nasikia bado mnazitumia, tena siku hizi mnazibonyeza kwenye tableti.

Mwenye shule, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, ni mtu wa Butula, mwenye roho nzuri na haraka nyingi. Kila mwaka alitoa nafasi moja ya bure kwa mtoto ambaye mzazi wake hana uwezo: karo, vitabu, chakula, sare, kila kitu. Hakuna aliyemlazimisha, na kwa hilo namheshimu hadi leo. Halafu akaenda semina huko Nairobi. Aliporudi alikuwa na neno jipya mdomoni.

"Confidence," alituambia, akigonga meza. "Madam, tunataka watoto wenye confidence. Mtoto aingie kama boss. Atoe mkono, aniangalie kwa macho, aongee kwa sauti. Kusoma tutamfundisha. Lakini confidence anakuja nayo."

"Kwetu kijijini mtoto wa miaka sita akiniangalia kwa macho hivyo," Madam Auma akasema, "namuuliza nimemkosea nini."

Mkurugenzi alicheka, lakini alama zikawekwa, na zikapewa uzito kuliko kusoma, kuhesabu na kutaja rangi. Watoto wa mawakala wa forodha na wa wenye maduka walizichuma kama maembe yaliyoanguka chini, kwa sababu nyumbani kwao walikuwa wameshazoea kusalimia wageni kwa mkono na kuombwa waimbie watu nyimbo sebuleni. Sikuzipenda, lakini kutokipenda kitu si sawa na kujua kasoro yake.

Niliijua kasoro yake siku ya kuchagua mtoto wa nafasi ya bure. Benchi la nje lilijaa mapema. Kulikuwa na mvulana wa Khunyangu aliyekuja na babu yake, pacha wawili wa Moding, na wengine wa hapa hapa mjini. Na kulikuwa na Asio, kasichana kembamba kenye gauni lililopigwa pasi mpaka likang'aa. Wakati wanasubiri, yeye na wenzake walikuwa wamekusanya vifuniko vya soda, wakacheza sakafuni, na tayari walikuwa marafiki wa kufa na kuzikana, kama watoto wanavyoweza kuwa baada ya nusu asubuhi.

Mama yake alinishika mkono nilipopita. Alikuwa akiuza chai Malaba, kwa madereva wa malori wanaongojea kuvuka mpaka. Asio alikuwa amelelewa na bibi yake upande wa Tororo, na bibi sasa amekuwa dhaifu, ndiyo maana mtoto alirudishwa kwa mama.

"Madam, shule ya serikali iko," aliniambia kabla sijamuuliza. "Lakini hawa wadogo wanatoka mapema, na mimi bado niko kwa malori. Sasa anakuja huko huko. Anatembea katikati ya magurudumu akinifuata. Juzi trela ilirudi nyuma, dereva hakumwona." Hakuachia mkono wangu. "Hapa wanakaa mpaka jioni. Dada yangu anaishi hapa Burumba, atamchukua. Nisaidie tu aingie."

Nilimwambia ukweli, kwamba sina uwezo wa kumsaidia mtu kuingia, kila mtoto anapimwa sawa. Nilisema hivyo na niliamini hivyo.

Asio alipoitwa, aliingia taratibu, na pale pale mlangoni akapiga magoti. Magoti yote mawili, viganja vimekutana, macho kwenye sementi. Akatoa salamu ya Kiteso kwa sauti ndogo, "Yoga."

"Simama, simama!" Mkurugenzi akasema, akiona aibu kabisa. "Hapa hatupigi magoti, mtoto. Hapa si kanisani. Kuja. What is your name?"

Asio aliinuka nusu, akasita, akarudi chini. Kimya. Mkurugenzi akamuuliza jina kwa Kiswahili. Kimya. Nikamwonyesha picha ya mbuzi, mnyama ambaye mtoto yeyote wa huku amemfukuza kwenye sukuma wiki. Kimya. "Niangalie, mtoto mzuri," Mkurugenzi akasema, kwa upole wa kweli, na kadiri alivyosema "niangalie" ndivyo kichwa kilivyozidi kushuka. Mwishowe akashika kalamu.

"Huyu hana confidence hata kidogo. Pole, lakini zero. Mwite mwingine."

Nilimfikiria yule mama na trela inayorudi nyuma. Sikuwa bado na hoja, nilikuwa na hasira tu. Madam Auma ndiye aliyekuwa na hoja, lakini hakuitoa kwa maneno. Alisukuma kiti chake nyuma, akashika meza, akajishusha polepole mpaka chini, magoti yakilia, akakaa kwenye sementi mbele ya mtoto. Mkurugenzi alidhani ameanguka, akaruka kumwinua. Madam Auma akamfukuza kwa mkono.

"Yoga, Asio," akasema. "Yoga noi."

Kisha akaendelea na salamu yote kwa Kiteso, ile ndefu, bila kuruka kitu: umelalaje, mama amelalaje, bibi anaendeleaje, mbuzi wa bibi, mvua ya huko, watu wa huko. Kila swali Asio alilijibu, sauti ikipanda kidogo kidogo. Na salamu ilipofika mwisho wake, Madam Auma akamuuliza jina kwa Kiswahili cha kawaida, naye akajibu jina lake, la mama yake, la bibi yake, na la mbuzi mmoja jeuri.

Mmeelewa? Mtoto hakuwa mwoga wala bubu. Alikuwa amefunzwa kwamba mtoto hazungumzi mpaka mkubwa amalize kuitikia salamu yake. Yeye alikuwa ametusalimia. Sisi hatukuitikia. Tulimrukia na maswali ya Kiingereza, naye akangoja kwa adabu watu wazima watatu wakumbuke adabu zao.

Baada ya hapo hakukamatika. Mbuzi alimtaja kwa Kiteso, kwa Kiluganda na kwa Kiswahili, akatuachia tuchague. Picha ya friji hakuijua, akasema ni kabati ya soda baridi, jibu ambalo mimi siwezi kulikosoa. Alihesabu, alitaja rangi, akatuambia dereva yupi anataka tangawizi na yupi haitaki. Lakini macho yake yalibaki kwenye sementi muda wote.

Mkurugenzi alikuwa akitabasamu, na bado akatikisa kichwa. "Ako na akili, nakubali. Lakini hajaniangalia hata mara moja. Sheria ni sheria. Nikimpa huyu alama, na wale wengine waliokuja na confidence yao nitawaambia nini?"

Hapo hasira yangu ikapata pa kushika. "Mkurugenzi," nikasema, "juzi mama mkwe wako alipofika hapa getini, ulikuwa wapi?"

Madam Auma, bado sakafuni, akafunika mdomo. Shule nzima ilijua. Huku kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe wake usoni wala hampi mkono, na Mkurugenzi alipomwona yule mama akiingia, alijifungia kwenye stoo ya unga. Alitoka kwa dirisha, koti limejaa unga begani.

"Hiyo ni heshima," akasema.

"Basi na huyu ni heshima. Tungekupima siku ile, confidence yako ingekuwa ngapi?"

Nilidhani nimejifukuza kazi. Alinikazia macho, halafu akaangua kicheko, akapiga meza mpaka picha zikadondoka. "Madam Nafula, hapo umenipata," akasema. "Umenipata vibaya." Akachukua kalamu akaikata ile sehemu ya kujiamini.

"Ukimfutia huyu, uwafutie wote," Madam Auma akasema. "Na wale waliotoka asubuhi warudi. Tuanze na salamu. Na mniinue, jamani."

Tulimwinua. Tukawarudisha watoto wote mmoja mmoja, na kila mtoto tulimsalimia kwa lugha ya nyumbani kwao mpaka mwisho. Pale tuliposhindwa tuliita mtu: mpishi kwa Kiluganda, mlinzi kwa Kijaluo. Ikawa kama harusi. Mvulana wa Khunyangu, ambaye asubuhi alikuwa amelia, alituimbia wimbo na kutusahihisha tulipouimba vibaya. Pacha wa Moding walikuwa wanamaliziana sentensi. Vijana, hiyo ndiyo siku niliyoipenda zaidi katika kazi yangu yote, na kama kuna kitu cha kubeba kutoka kwa bibi huyu, bebeni hicho. Msalimieni mtoto mpaka salamu iishe. Hakuna kifaa wala tableti itakayowapa nusu ya mtakachopata hapo.

Lakini furaha ilituletea shida ambayo hatukuitarajia. Asubuhi kuchagua kulikuwa rahisi, kwa kuwa tulikuwa na kipimo kibovu kinachoangusha watu haraka. Sasa tulipokitupa, karibu kila mtoto kwenye lile benchi alistahili, na nafasi ilikuwa ile ile moja. Tulibishana, tukabishana tena. Mwishowe tulimchukua Asio, kwa kuwa alitangulia wengine kidogo sana, na sitawadanganya, kwa sababu ya yale magurudumu.

Tulimwita ndani na mama yake. Mama aliposikia, alishika fremu ya mlango akalia bila sauti. Mimi nami nililia, sina haya kusema. Asio akapiga magoti akatushukuru kwa Kiteso, na safari hii Mkurugenzi hakumwambia asimame. Alingoja, kisha akamwitikia kwa Kiteso chake kilichovunjika, na Madam Auma akamsaidia kumalizia.

Tulidhani mambo yamekwisha. Asio hakuinuka.

"Na wale wenzangu wataingia lini?" akauliza, macho kwenye sementi.

Nje walikuwa wanasikika, pacha na yule wa Khunyangu, wakigombania vifuniko. Mkurugenzi akaanza kupanga kalamu zake. Madam Auma alinitazama mimi. Mama akamvuta mtoto begani, akamnong'oneza twende, lakini yeye alikuwa hajajibiwa bado, na mtoto aliyelelewa na bibi yule haondoki kabla hajajibiwa. Akangoja.

"Hawataingia, mwanangu," nikasema. "Nafasi ilikuwa moja."

Ndipo akainua uso. Alitutazama machoni, mmoja baada ya mwingine, bila kupepesa, kichwa juu na shingo imenyooka, hasa vile Mkurugenzi alivyokuwa akitaka. Kati yetu watatu hakuna aliyeweza kumtazama.